MAFUTA MACHAFU, LAWAMA KWA MFANYA KAZI

Ndugu wafanya kazi,

Katika kiwanja kimoja cha ujenzi hapa pwani kumebandikwa tangazo. Tangazo lenyewe ni fupi. Lasema kwamba kila saa ambayo nyundo ya kupigilia nguzo italala "kwa uzembe wa wafanya kazi", saa hiyo itakatwa katika mshahara wa kikosi kizima. Limepigwa muhuri, na chini yake pana sahihi. Hatumtaji kontrakta huyo kwa jina. Aliyelibandika atajijua akisoma, na wenzake wenye mawazo kama yake watajijua pia.

Sisi twauliza neno moja tu. Nyundo hii yalala kwa uzembe wa nani?

Hebu tueleze yaliyotokea. Jumanne moja, baada ya mvua ya usiku kucha, kreni iliinua pistoni ya nyundo ya dizeli kama kawaida, ikaiachilia. Nyundo ikapiga mara nne, ikanyamaza. Ikainuliwa tena, ikapiga mara mbili, ikanyamaza. Nyapara akatoa kitabu chake akaandika saa. Kijana anayeshika kamba ya pampu akaambiwa mbele ya watu wote kwamba amelala kazini. Saa mbili na nusu zikaandikwa juu yetu.

Basi sisi mafundi tukaifungua filta ya mafuta. Ndani tulikuta mchanga na tope laini kama uji. Tukafungua kizibo cha chini cha tangi. Yakatoka maji kwanza, mafuta yakafuata nyuma. Tukaenda kuyatazama mapipa. Yalikuwa yamesimama wima nje, bila turubai, na maji ya mvua yamejaa juu ya vifuniko. Bomba la mpira la kupakulia lilikuwa limelala mchangani. Na filta ya akiba iko wapi? Tulikwisha kuiomba kwa maandishi mara mbili. Tuliambiwa tungoje mwezi ujao.

Huo ndio uzembe. Haukuwa mikononi mwa yule kijana wa kamba.

NYUNDO YAFANYAJE KAZI

Mtu asiyejua mtambo wake hawezi kujitetea mbele ya tajiri. Kwa hiyo someni sehemu hii, hata ninyi msiopanda mlingoti.

Nyundo ya dizeli haina injini nyingine ya kuisukuma. Yenyewe ndiyo injini. Ni silinda moja ndefu iliyosimama, na ndani yake mna pistoni nzito ya chuma. Chini kabisa pana fuawe, na chini ya fuawe pana kofia na nguzo yenyewe. Kreni huinua pistoni mara ya kwanza tu. Pistoni ikianguka, hupita na kuusukuma mkono wa pampu, na pampu hunyunyiza mafuta kidogo yaliyopimwa juu ya fuawe. Kisha pistoni huziba matundu ya moshi, ikaishindilia hewa iliyobaki mpaka ikawa moto sana. Pistoni inapogonga fuawe, mafuta hupasuka yakawa kama ukungu, yakashika moto katika hewa ile. Mlipuko huisukuma nguzo chini, na huirusha pistoni juu, ili ianguke tena. Mambo hayo yote hutimia katika muda wa sekunde moja na kidogo.

Mafuta ya pigo moja, kwa nyundo ya kadiri, hayajazi kijiko cha chai. Fikirini jambo hilo. Kazi ya tani nyingi za chuma yategemea mafuta yasiyojaa kijiko, yafike kwa kipimo chake na kwa wakati wake, mara arobaini au hamsini kila dakika. Tone la maji likiingia, pigo hufa. Hewa ikiingia kwenye bomba, pigo hufa. Filta ikiziba, pampu hukosa kushiba, pigo huwa hafifu. Plunja ya pampu ikilika, mafuta huvuja pembeni na kipimo hupungua. Kijana wa kamba hawezi kuvuta mafuta yasiyokuwapo.

Na hayo mapipa? Pipa lililosimama wima nje hupata joto mchana, hewa ya ndani ikatanuka ikatoka. Usiku hupoa, likavuta hewa kupitia kizibo. Kama maji ya mvua yamekaa juu ya kizibo, huvuta maji. Ndiyo maana fundi mwenye akili hulaza pipa ubavuni, au huliinamisha, na hulifunika. Turubai moja haifikii hata kidogo bei ya siku moja ya kreni iliyolala.

MATOPE HAYAKATWI MSHAHARA

Jambo la pili ni hili. Wako matajiri wanaodhani kwamba nyundo ikikataa kuendelea, ni lazima pana kosa la mtu. Si kweli. Nyundo ya dizeli huhitaji ardhi iipinge. Nguzo ikiingia katika tope laini, kama matope ya mikokoni, hukimbia chini pistoni inapogonga, na mlipuko hauna kitu kigumu cha kuegemea ili uirushe pistoni juu vya kutosha. Pistoni haipandi, hewa haishindiliwi sawasawa mara ya pili, na nyundo huzimika. Itabidi kreni iiinue tena na tena mpaka nguzo ifike penye ardhi ngumu. Hiyo ndiyo tabia ya mtambo. Kila injinia wa misingi aijua. Je, tope nalo litakatwa mshahara?

Ajabu zaidi, nyapara wetu hupiga kelele: "Upesi, upesi! Nataka kusikia mapigo mengi!" Bwana huyu hajui anachokiomba. Kwa nyundo iliyo wazi juu, mapigo yakiwa mengi maana yake ni kwamba pistoni haipandi juu. Hesabu yake ni rahisi, na kila mmoja wetu aweza kuifanya kwa saa ya mkononi. Hesabu mapigo ya dakika moja. Gawanya 60 kwa idadi hiyo, upate sekunde za pigo moja. Zidisha sekunde hizo kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 1.23, uondoe 0.1. Jibu ni mita ambazo pistoni hupanda.

Mapigo 40 kwa dakika: sekunde 1.5, na pistoni hupanda karibu mita 2.67. Mapigo 50 kwa dakika: sekunde 1.2, na pistoni hupanda karibu mita 1.67. Mita moja nzima imepotea, na pamoja nayo zaidi ya theluthi ya nguvu ya pigo. Nyapara afurahia kelele, na nguzo haiendi.

TUSEME NA SISI WENYEWE

Gazeti hili halikuanzishwa kwa kumsifu mfanya kazi hata akikosa. Kwa hiyo tuseme ukweli nyumbani.

Nyundo nyingi zina pampu yenye ngazi nne za mafuta, nayo hugeuzwa kwa kamba kutoka chini. Wako wenzetu ambao, wakiahidiwa bahashishi kwa kila nguzo, hufungua ngazi ya nne tangu pigo la kwanza na kuiacha hapo mpaka jioni. Wanadhani mafuta mengi ni nguvu nyingi. Sivyo. Mafuta yakizidi hewa iliyomo, hayaungui yote. Hutoka moshi mweusi, masizi hujaa, ringi za pistoni hulika, na silinda huchemka. Tena, kama ni nguzo ya zege katika ardhi laini, pigo kubwa mno huivuta nguzo kwa ndani na kuipasua nyufa ambazo jicho halizioni. Mwanzo wa nguzo wataka mafuta kidogo. Ngazi hupandishwa kadiri ardhi inavyokuwa ngumu, na kwa amri ya injinia.

Na liko jambo baya zaidi, ambalo twaona haya kulisema lakini tutalisema. Yuko anayeuza mafuta ya kiwanja usiku, kisha hujaza pipa kwa mafuta ya taa au maji ili kipimo kisionyeshe upungufu. Ulaghai wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ulienea nchini hata Serikali ikaweka, mwaka 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Ndugu, dizeli ndiyo inayoilainisha pampu. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana ulaini huo, na plunja hulika upesi. Mtu afanyaye hivyo hamwibii tajiri peke yake. Amuuza kijana wa kamba, amuuza dereva wa kreni, akiuza kikosi kizima kwa pesa ya usiku mmoja. Chama hakitamtetea.

Lakini tajiri asifurahi haraka. Nani alimwajiri mlinzi mmoja kwa kiwanja kizima? Nani alikataa kufunga kufuli kwenye mapipa? Nani hununua mafuta kwa yule anayeuza kwa bei ya chini kuliko pampu ya mjini, wala haulizi kwa nini ni rahisi? Mwizi mdogo tutamkataza sisi. Biashara ya mafuta ya kichochoroni na aikatae mwenye kitabu cha hundi.

NGUZO INAYODANGANYA

Tajiri atasema: "Haya ni mambo ya mashine, chama chaingilia nini?" Twamjibu hivi.

Silinda ikichemka mno, mafuta hushika moto kabla pistoni haijagonga. Mlipuko huja mapema, ukawa kama mto unaoipokea pistoni njiani. Pistoni yaruka juu sana, mtu wa mbali husifu nyundo, lakini nguzo haiendi. Twazijua dalili zake: ndimi za moto kwenye matundu ya moshi, rangi ya silinda inayobabuka, na mlio wa chuma kwa chuma unaopotea. Hapo yafaa nyundo isimamishwe ipoe.

Sasa angalieni hatari. Injinia huhesabu mapigo kwa kila sentimita nguzo inazoingia. Mapigo yakiwa mengi na nguzo haiendi, husema nguzo imefika, ardhi imekataa. Lakini kama nyundo ni mgonjwa, ardhi haijakataa kitu. Nyundo ndiyo iliyokataa. Vivyo hivyo kama pampu imelika na pigo ni hafifu, mapigo huwa mengi bure. Nguzo huandikwa kuwa imara, kumbe haijafika. Juu yake utajengwa ukuta, gati, au daraja, na juu ya daraja watapita watoto wetu.

Basi kijana anayesimamisha nyundo kwa sababu imechemka si mzembe. Ni mlinzi wa mali ya umma. Na tangazo lile lamwambia nini? Lamwambia: "Ukisimamisha, utakatwa." Tangazo hilo lafundisha watu kunyamaza. Nguzo mbovu huzaliwa katika kunyamaza huko, na siku jengo likipata ufa, hakuna atakayelikumbuka tangazo wala filta ya mwezi ujao. Watamtafuta tena yule yule kijana wa kamba.

Wako pia wanaosema kwamba nyundo za dizeli ni za kizamani, za haidroliki zaja, hakuna haja ya kuzitumilia pesa hizi. Zikija, na zije. Lakini nyundo iliyo juu ya vichwa vyetu leo ndiyo tunayoisema leo. Mtu hamwachi ng'ombe wake bila maji kwa sababu anakusudia kununua mwingine mwakani.

MAPAFU NA MASIKIO

Moshi huo mweusi waingia wapi? Waingia kifuani mwetu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa injini za dizeli umethibitika kuleta saratani kwa binadamu. Uliwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na vitu kama moshi wa tumbaku. Pampu iliyopimwa vizuri na mafuta safi hupunguza moshi huo. Kwa hiyo filta ambayo tajiri aiona kuwa gharama, kwetu ni pumzi.

Na masikio je? Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zakataza mfanya kazi kukaa katika kelele inayozidi kipimo cha desibeli 90 kwa muda wa saa 8. Anayesimama karibu na nyundo ya dizeli hahitaji kuambiwa kwamba kipimo hicho hupitwa. Wazee wetu wa kazi hii twawajua kwa jambo moja: ukiwaamkia, hukutazama midomo.

SHERIA YASEMAJE

Tangazo la kontrakta lina muhuri, lakini sheria ya nchi ina nguvu kuliko muhuri wake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ya mali yake pale tu ambapo hasara imeletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi, tena kwa kiasi cha haki. Makusudi! Maji yaliyoingia katika pipa la tajiri si makusudi ya kijana wa kamba. Na kukata kikosi kizima kwa kosa linalodhaniwa kuwa la mmoja, hiyo ni adhabu ya kijiji ya siku za ukoloni. Haina mahali pake leo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo 2007, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake mara moja akiona hatari iliyo karibu. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi hapo. Tena penye wafanya kazi 20 au zaidi, ni lazima pawe na kamati ya usalama na afya. Katika kiwanja tunachokisema wako watu wengi kuliko hao. Kamati iko wapi? Hatujaiona. Tangazo tumeliona.

TWATAKA HAYA

1. Tangazo la kukata mishahara liondolewe, na fedha zote zilizokatwa kwa ajili yake zirudishwe.

2. Mapipa yafunikwe na kulazwa, yafungwe kwa kufuli, na mafuta yachujwe kabla ya kuingia katika tangi. Kila asubuhi maji yatolewe chini ya tangi kabla nyundo haijainuliwa.

3. Filta za akiba na pampu moja ya akiba ziwe kiwanjani wakati wote. Ombi la fundi lijibiwe siku ile ile kwa maandishi.

4. Pawe na kitabu cha nyundo. Kiandikwe kila nguzo: ngazi ya mafuta, mapigo kwa dakika, rangi ya moshi, na saa za kusimama pamoja na sababu yake. Kitiwe sahihi na fundi pamoja na injinia. Kitabu cha nyapara peke yake hatukikubali, kwa maana mshitaki hawezi kuwa ndiye karani wa mahakama.

5. Ngazi ya mafuta iamriwe na injinia. Bahashishi ya kila nguzo iondolewe, na mshahara wa saa uongezwe mahali pake, ili mtu asinunuliwe kuharibu mtambo na mapafu yake.

6. Vizibo vya masikio vitolewe kwa kila mtu aliye karibu na nyundo, na masikio yapimwe na daktari kwa gharama ya mwajiri.

Madai haya si ya mtu anayeomba ufalme. Ni turubai, filta, kitabu, na haki. Ukiyajumlisha yote, huenda yakawa na bei ndogo kuliko nguzo chache zilizopasuka. Na kama tajiri ni mwenye hesabu kweli, ayakubali kwa faida yake mwenyewe.

Asipokubali, tusigawanyike. Fundi asiseme, "Mimi ni fundi, kibarua ajitetee." Dereva wa kreni asiseme, "Mimi nakaa juu, moshi uko chini." Tangazo limewataja wote kwa neno moja, kikosi kizima. Basi kikosi kizima na kijibu. Kila mjumbe wa chama akate ukurasa huu, aupeleke kiwanjani kwake, awasomee wasiojua kusoma wakati wa chakula. Anzeni leo kuandika mapigo na saa katika daftari zenu wenyewe, msingoje kitabu cha tajiri. Tarehe, saa, kilichoonekana katika filta, na nani aliambiwa. Daftari la senti chache limewaokoa watu wengi mbele ya ofisa wa kazi.

Yule kijana wa kamba bado yuko kazini. Saa zake mbili na nusu bado ziko katika kitabu cha nyapara. Sisi tuna filta ile, tumeihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na mchanga wake. Siku ya mkutano na mwajiri tutaiweka mezani, kisha tutauliza tena swali letu la kwanza.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi,
FUNDI WA NYUNDO